Muhogo mchungu: usiuharakishe motoni

Wiki iliyopita mama mmoja wa Chiwata aliniuliza: "Mwanangu, muhogo mchungu nikiuchemsha sana, si sumu yote inaisha?" Nilimjibu, "Hapana, mama. Haiishi."

Swali lake ni zito. Mwaka 1988, wakati wa ukame wilayani Masasi, watu waliugua kwa kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Baadaye mkoani Mtwara uliripotiwa pia ugonjwa wa konzo, unaokakamaza miguu ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na kina mama.

Muhogo una linamarini, inayobeba sumu ya sianidi. Una pia kimeng'enya cha kuivunja, kiitwacho linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi hukaa mbalimbali. Ukisagika au kulainika majini, hukutana. Sianidi hutoka na kupotea hewani.

Kimeng'enya ni protini: mnyororo mrefu wa amino asidi uliojikunja na kuacha kijishimo ambamo linamarini huingia kama ufunguo kwenye kufuli. Umbo hilo ndilo linalofanya kazi, na moto hulivuruga. Tazama ute wa yai kwenye kikaango: ukishakuwa mweupe haurudi tena. Kwa hiyo ukitumbukiza muhogo mchungu kwenye maji yanayochemka, unamuua fundi kabla hajaanza kazi. Linamarini hubaki, na bakteria wa tumboni wanaweza kuivunja humo humo, ndani ya mtoto.

Mzazi, fanya hivi:

• Muhogo mchungu umenye, uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo uuanike.

• Unga wa makopa changanya na maji mpaka ulowe, utandaze mwembamba usiozidi sentimita 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5, kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

• Kisamvu kitwange kwanza, ndipo ukichemshe.

• Ugali wa muhogo uende na kunde, mbaazi, samaki au yai. Mwili hutumia salfa iliyo kwenye protini kupunguza makali ya sianidi.

Mtoto akila muhogo kisha akatapika, akapata kizunguzungu au kuumwa kichwa, usingoje kukuche. Mpeleke kituo cha afya, na useme alichokula.

Njaa ina haraka, lakini kimeng'enya kinataka maji na muda. Kipe vyote viwili kabla ya kuwasha moto.