Koroboi Juu ya Meza Nyeupe

Mwaka jana niliingia jumba moja la maonyesho hapa Nairobi, nikakuta koroboi juu ya kijimeza cheupe, imemulikwa kwa taa tatu. Koroboi, jamani, inamulikwa! Kadi ya pembeni ilikuwa na jina la msanii, jina la kazi kwa Kiingereza, na maneno mawili: "vitu vilivyookotwa".

Vilivyookotwa? Kana kwamba koroboi huota kando ya barabara kama managu. Mimi nimesomea kwa mwanga wake. Najua kuna mtu Kamukunji aliyekata kopo lile la maziwa, akakunja mshono wake usivuje, maana koroboi inayovuja huunguza nyumba na watoto ndani. Huo ndio ubunifu. Msanii wetu aliongeza nini? Meza.

Sina ugomvi na kugeuza vitu. Cyrus Kabiru huchukua nyaya na vipuri vilivyotupwa Nairobi akavifanya miwani. Ukiivaa, uso si wako tena. El Anatsui huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na mwaka 2023 mapazia yake yalining'inia Tate Modern, London. Hapo jasho linaonekana.

Ninaowapinga ni wale wanaojificha nyuma ya Marcel Duchamp. Naam, mwaka 1917 alipeleka bakuli la kukojolea kwenye maonyesho ya New York, limetiwa sahihi "R. Mutt". Ule ulikuwa mzaha wa kuwacheka waandaaji. Leo mzaha ndio biashara yao. Ndizi ya Maurizio Cattelan, iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, iliuzwa mnadani New York mwaka 2024 kwa dola milioni 6.2. Ndizi yenyewe ilinunuliwa kwa muuza matunda wa barabarani kwa senti 35. Mzee yule alipoelezwa bei, alilia. (Angalau yake ililipiwa.)

Nilimwuliza msimamizi nani aliyetengeneza koroboi. Akanionyesha jina kwenye kadi. Nikauliza tena: nani aliyekata bati? Akasema haijulikani.

Kutoka pale hadi Kamukunji ni matatu moja tu. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Fundi wa pili niliyemwonyesha picha kwenye simu aliutambua mshono. "Hii ni ya mzee wa pale," akasema, akaninyoshea kibanda cha tatu.