Wavulana Hawakuvikimbia Vitabu

Kila walimu wa Kiswahili wakutanapo, hakosi mmoja wa kusema kuwa wavulana wa siku hizi hawasomi. Wa pili huitikia, wa tatu huusingizia mpira, na wa nne huisingizia simu ya mkononi. Kisha wote huondoka wametua mzigo, maana mkosaji amekwisha kupatikana, naye hakuwapo kujitetea. Mimi ni mmoja wa walimu hao, na kwa muda mrefu nimeitikia pamoja nao. Leo nataka kuwatetea walioshtakiwa na kuwashtaki walioshtaki.

Mvulana wa miaka 13 hutaka nini katika kitabu? Hutaka safari, hatari, fumbo la kufumbua, na mwenye akili amshindaye mwenye nguvu. Hutaka kujua litakalotokea baada ya ukurasa huu. Matakwa haya si upotovu. Ndiyo yaliyowaweka wazee wetu barazani wakisikiliza visa vya Abunuwasi mpaka taa ikaisha mafuta. Sisi tunampa nini? Tunampa kitabu cha mtihani, tunamwamuru ataje dhamira, ujumbe na sifa za wahusika, na kabla hajakimaliza tunamtilia mkononi muhtasari wa kurasa chache uliochapwa kwa ajili ya kufaulu. Mtu aliyelishwa dawa tu atajuaje kuwa chakula kina ladha?

Walakini hazina tunayo. Kwa nini mvulana asianze na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960? Humo mna maiti iliyokutwa mzimuni, kiko cha Bwana Msa, na Najum ambaye huona kila kitu ila maana yake. Akikimaliza, apewe Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, kisha Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965. Apewe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ambamo mtawala mwema huwapiga manyani wawili kila usiku. Mvulana gani atakifunga kitabu hicho kabla ya kujua sababu? Na akikua kidogo, asome Kuli ya Adam Shafi ya mwaka 1979, aone jinsi wachukuzi wa bandari ya Unguja walivyogoma mwaka 1948.

Kuna na safari ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyemfuata bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, akasimulia kwa Kiswahili aliyoyaona. Habari zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Wataalamu tunaitaja katika makala zetu, ilhali mtoto wa shule hukua akidhani kuwa wasafiri wote walioandika walikuwa Wazungu. Hii ni dhuluma, nasi ndio wenye kuitenda.

Najua nitakavyojibiwa. Wenzangu watasema kuwa riwaya za upelelezi ni nyepesi, hazistahili darasa. Nawaomba wakumbuke wao wenyewe waliingia kwa mlango gani. Wengi wetu tunaovaa majoho leo tulikipenda Kiswahili usiku wa taa ya chemli, tukimfuata Bwana Msa. Tumeingia, tumeketi, na sasa twaufunga mlango nyuma yetu.

Wengine watasema kuwa vitabu vya kusisimua aghalabu vina sumu. Ni kweli kwamba Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa mwaka 1929, humtazama Mwafrika kwa macho ya mtawala. Kisiwa chenye Hazina, iliyotafsiriwa mwaka huo huo, haina kosa hilo kwa kadiri ile. Lakini dawa ya kosa la kitabu ni mwalimu aketiye karibu na kuuliza: je, wewe wakubali? Mvulana aliyejifunza kubishana na kitabu amekwisha kuwa msomaji.

Wala sisemi kuwa vitabu hivi ni haramu kwa wasichana. Dada zao watavisoma, na pengine watavimaliza kwanza. Nimewataja wavulana kwa kuwa wao ndio walioshtakiwa.

Ninaloomba ni dogo. Kila shule iweke kipindi kimoja kwa juma kisicho na swali wala alama, na sanduku la vitabu ambalo halifungwi kwa kufuli. Wachapaji wavirudishe vitabu vya kale kwa bei ambayo mzazi maskini aweza kuilipa. Nasi wa vyuo vikuu tushushe mabega, tuandike dibaji fupi ambazo mtoto atazielewa. Lugha isiyosomwa kwa hiari itabaki kuwa lugha ya mtihani, na mtihani ukiisha huwekwa kando pamoja na sare ya shule. Mvulana huyo atakuwa baba, na nyumba yake haitakuwa na kitabu.

Hayo tukiyatenda, na wavulana wakakataa, nitarudi barazani kuwalaumu pamoja na wenzangu. Kabla ya hapo, hatuna haki ya kusema kuwa mtu hataki kula ilhali hatujampakulia.