Damu ya uzazi haipimwi kwa macho

Mama akishajifungua, macho ya wote huenda kwa mtoto. Bibi anauliza kilo ngapi, baba yuko nje anapiga simu. Wakati huohuo mama anaweza kuwa anavuja damu, ikinywewa na kanga na godoro, na anayeikadiria kwa macho mara nyingi huiona ndogo kuliko ilivyo.

Kifaa cha kuipima ni mfuko wa plastiki tu, unaotandikwa chini ya mama mara mtoto anapotoka. Una mistari kama chupa ya maziwa. Damu ikifika mililita 500, mkunga habahatishi: anakanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, anampa oksitosini na dawa ya traneksamiki, anaweka dripu, anakagua kama kuna mchaniko. Vyote kwa mpigo, si kimoja kusubiri kingine. Utaratibu huo ulijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida. Matokeo yalitoka 2023: madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Mkienda kliniki, baba naye akiwepo, ulizeni kama kituo kina mfuko huo.

Na mkisharudi nyumbani, mama akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, au akiona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, asiambiwe ni damu chafu inatoka. Tafuteni usafiri usiku huohuo.