Mtandao umekosa nini?

Wadau, leo nina hasira. Juzi nilikuwa ofisi moja hapa Mjimwema, jina naliacha. Mzee mmoja muuza viazi kaambiwa kwa mara ya tatu: "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Nauli yake atarudishiwa na nani?

Mtandao upi? Simu yangu ilikuwa inafungua magazeti pale pale! Fundi wao nilisoma naye chuo. Akakiri pembeni kuwa programu yao iko kwenye kontena za Docker, na tangu asubuhi hajazitazama. Nikamganda. Akaandika docker ps, akasema zote nzima. Zote? Ndugu yangu, amri hiyo inaorodhesha zinazotembea tu, maiti haimo! Ongeza -a. (Mimi ni mwandishi tu, ila Linux nimeichezea tangu chuo.) Akaongeza, na ikajitokeza moja imekufa tangu saa mbili asubuhi, namba 137. Yaani imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kumbukumbu ya kompyuta ikiisha. Na hata ikiandikwa "Up" usishangilie: imewaka, si lazima inahudumia. Soma docker logs.

Docker ipo tangu 2013. Amri yenyewe ni sekunde mbili, kumsingizia mtandao ni siku tatu.

Alipoiwasha, mzee alishaondoka.