Funguo Nyingi, Mwenye Nyumba Mmoja



Ndugu msomaji, ukifika Kolandoto, kaskazini ya mji wa Shinyanga, hutakawia kuona simu ya laini mbili mkononi mwa kijana. Chuo cha afya kilichopo hapo huwakusanya wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali. Wengine wana kaka zao katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, na wazazi wamebaki vijijini. Familia iliyotawanyika namna hiyo hukutana ndani ya simu. Binti mmoja anaweza kuwa na akaunti ya darasa, ya pili ya jamaa, ya tatu ya biashara ndogo ya mitandio, na pengine ya nne ambayo nyumbani hakuna aijuaye. Mzazi anapogundua hilo moyo humdunda, naye hujiuliza: wingi huu ni busara au ni ujanja?

Kabla ya kujibu, tukumbuke tulikotoka. Zamani laini ya pili haikuwa anasa. Pesa ya mtandao mmoja haikuweza kuingia moja kwa moja katika akaunti ya mtandao mwingine, hivyo mchimbaji aliyetaka kumtumia mama yake fedha ya matumizi alilazimika kwanza kujua mama yuko upande gani. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilianza kufunguliana milango, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tangu hapo, kwa upande wa kutumiana fedha, sababu kubwa ya kubeba laini nyingi imeondoka. Anayeendelea kuzibeba amechagua mwenyewe.

Mitandao ya kijamii nayo inapita njia hiyohiyo, ingawa kwa kuchelewa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita, kwa kuwa zote tatu ni mali ya kampuni moja. Siku hiyo wengi walitambua kuwa walikuwa wapangaji wa mwenye nyumba mmoja. Ndiyo maana wapo waliojenga mitandao isiyo na mmiliki mmoja. Mashuhuri miongoni mwao ni Mastodon, ulioanzishwa nchini Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016. Humo zipo seva nyingi, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, lakini aliye katika seva hii humsoma na kumjibu aliye katika seva ile. Anwani yake hufanana na ya barua pepe: jina la mtu, kisha jina la nyumba anamoishi. Barua pepe yenyewe ni mtandao wa namna hiyo, nasi tumeizoea miaka mingi.

Hapo ndipo penye fundisho. Pale penye kuta, mtu hufungua akaunti nyingi kwa kulazimika. Kuta zikiondoka, wingi huwa hiari, na hiari hudai sababu. Mtandao ambao akaunti moja inatosha kumfikia kila aliyemo humuuliza mwenye akaunti tatu swali zito zaidi: hizi nyingine ni za nini?

Sababu njema zipo, wala si haba. Mwanafunzi wa uuguzi anafanya vyema kutenganisha akaunti ya masomo na ile ya jamaa, maana siri ya mgonjwa ni amana, na picha iliyopigwa wodini haina nafasi popote pale. Mwenye duka hutenganisha wateja na wanawe. Mwanamke anayesumbuliwa na wasiomhusu ana haki ya kuwa na akaunti iliyofungwa, yenye watu anaowajua tu. Kamati ya madrasa inahitaji akaunti ya madrasa, isiyokuwa ya katibu binafsi. Katika yote hayo, kutenganisha kunalinda heshima ya mtu fulani.

Sababu mbaya nazo zinajulikana: kusifu bidhaa yako kwa jina la mteja asiyekuwapo, kumtukana jirani kwa jina la bandia kisha ukamsalimia asubuhi, au kujifanya mtu mwingine ili uchume kwa jina lake. Hili la mwisho ni kosa hata mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aidha, Mtume (s.a.w.) alituonya juu ya mtu mwenye nyuso mbili, na onyo hilo halikusubiri simu kuvumbuliwa. Kipimo chepesi ni hiki: lau akaunti zako zote zingewekwa mezani mbele ya wanaokuamini, je, kuna moja ambayo ungeikana?

Baada ya nia huja utunzaji, nao una mambo yake. La kwanza ni kosa la kawaida kuliko yote, yaani kuandika kwa akaunti isiyo yake: utani wa jamaa ukatokea kwa wateja. Ipe kila akaunti picha na jina linalotofautiana waziwazi, nawe tazama picha hiyo kabla ya kutuma. La pili, kila akaunti iwe na nenosiri lake, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

La tatu linawahusu hasa vijana wa machimboni wanaobadili laini mara kwa mara. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Akaunti iliyofungamanishwa na namba hiyo inaweza kuondoka nayo, kwa hiyo hamisha namba kabla hujaiacha laini. Hali kadhalika, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua ipeleke kwa kampuni husika ikafungwe.

La nne ni kwa atakayeingia Mastodon. Ujumbe wa faragha humo haukufungwa kwa kufuli ya watu wawili tu kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma. Usiweke humo siri ya nyumba. Na ukitaka kuhama seva, wafuasi wako huhamishika, bali maandishi yako ya zamani hubaki ulikotoka. Hama mapema, seva ya kwanza ingali hai.

La tano, akaunti ya jumuiya isishikwe na mtu mmoja. Tumeona mara nyingi katibu akisafiri au akifariki, na ukurasa wa madrasa ukabaki kama nyumba iliyofungwa na ufunguo ukazikwa. Watu wawili waaminifu waujue ufunguo, na ukabidhiwe kwa maandishi kila uongozi unapobadilika.

Kwa wazazi tunasema hivi: usianze kwa kumnyang'anya mtoto nywila. Anayenyang'anywa akaunti nne hufungua ya tano. Muulize kazi ya kila moja na umsikilize mpaka mwisho. Akiwa na sababu, mheshimu. Akikosa, atakuwa ameisikia aibu yake mwenyewe, na hiyo humrekebisha kuliko kelele zako. Wewe nawe uwe tayari kuulizwa, maana baba mwenye laini ya siri hana kauli mbele ya mwanawe.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kutaka kuzifuata zote kwa wakati mmoja, bila kujua aendako. Juma hili, kaeni pamoja baada ya chakula cha usiku. Kila mmoja aandike akaunti zake, na mbele ya kila moja aandike kazi yake kwa sentensi moja. Ile isiyopata sentensi, ifungwe usiku huohuo.

Wabillahi tawfiq.