BUSTANI YA NYUMBANI: Nanasi Katika Chupa

Nanasi tulilalo ni mmea mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioueneza pwani za Afrika. Jamaa yake ni kubwa, aina zaidi ya 3,000, karibu zote za Amerika. Afrika ina aina moja tu ya asili, nayo huota katika nchi ya Guinea. Watu wa Ulaya hupenda kukuza mimea midogo ya jamaa hii ndani ya vyombo vya kioo. Nasi wa Ifakara twaweza kufanya hivyo kwa kishungi cha nanasi ambacho hutupwa jalalani.

Fanya hivi. Kikate kishungi, uondoe majani ya chini, ukianike kivulini siku nne hata kidonda kikauke. Twaa chupa pana yenye mdomo mkubwa. Tia kokoto, kisha makaa yaliyopondwa, kisha udongo wa kichanga. Panda, unyunyize maji kidogo. Usiizibe kwa kifuniko, maana hewa ya bonde letu ina unyevu mwingi, na mmea utaoza. Uiweke penye mwanga, bali si juani, kwani kioo huzidisha joto. Majani yakijaa chupa, uuhamishe mmea bustanini. Tunda hupatikana baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili.

Lakini liko jambo lililo kubwa kuliko tunda. Mimea hii hushika maji katika makwapa ya majani, na mbu hutaga humo. Katika kisiwa cha Trinidad mbu wa namna hiyo walieneza malaria. Na katika Bwamba, Uganda, miaka ya 1940, wataalamu waliona kwamba mbu azaliwaye katika makwapa ya migomba na magimbi hueneza homa ya manjano; naye huzaliwa katika mananasi pia. Mbu wa malaria wa Kilombero hupenda zaidi majaruba na madimbwi, walakini nyumba yenye watoto haihitaji adui wa pili.

Basi funika mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua, na kila siku ya nne uyanyonye kwa pamba maji yaliyotuama majanini. Yai la mbu lahitaji juma moja au zaidi kuwa mbu arukaye. Ukikaza desturi hii, hataruka hata mmoja. Nanyi walimu, kabla ya kuyamwaga maji hayo, waonyesheni watoto viluwiluwi. Atakayewaona kwa macho yake hataacha tena kopo lenye maji uani kwao.