Muulizeni mwenye mbegu kabla ya kuandika jina kwenye kompyuta



Siku hizi nilikaa Kavimvira nyumbani mwa mama mmoja aliyekimbia kutoka bondeni. Alitoroka na watoto, sufuria moja, na fundo la kitenge. Ndani ya fundo mlikuwa maharagi ya namna tatu: meupe madogo, ya njano ambayo jirani zetu wa Burundi wanaita Kirundo, na mengine mekundu yenye madoa. Kila namna aliitaja kwa jina lake. Alisema ile ya madoa inavumilia mvua nyingi, na ile nyeupe inaiva upesi wakati nyumba haina chakula.

Alikuwepo pia kijana agronomi, alitumwa kuandika mbegu ambazo familia zilizohama bado zinazo. Alikuwa na kompyuta ndogo. Penye nafasi ya mmea akaandika neno moja: maharagi. Akafunga, akashukuru, akaenda kwa nyumba inayofuata. Namna tatu zikawa moja, na mama hakujua. Simlaumu kijana, alifanya kama fomu ilivyomwomba. Neno langu leo ni juu ya hiyo fomu.

Nimeuliza watu wanaojua kazi ya banki za mbegu. Kumbe katika programu ya kusimamia mbegu kitu cha kwanza si mbegu zenyewe, ni orodha ya mimea. Huwezi kuingiza mfuko hata mmoja kabla mmea wake haujakuwa kwenye orodha. Programu moja inayotumika na banki nyingi inaitwa GRIN-Global. Ilitoka 2011, mizizi yake ni katika kazi ya wizara ya kilimo ya Marekani, na haiuzwi, inatolewa bure. Ndani yake kila mmea unapata mstari wake: ukoo, jenasi, spishi, na aliyeupa jina. Maharagi yetu yanaandikwa Phaseolus vulgaris L., na hiyo L. ni Linnaeus, Mswidi aliyelitoa jina hilo 1753. Chini ya mstari huo kila sampuli inapata namba yake, kijiji ilikotoka, tarehe, na aliyeileta.

Kwa hiyo mstari mmoja wa Phaseolus vulgaris si kosa. Maharagi matatu ya yule mama ni spishi moja kweli. Kosa ni kwamba yalistahili namba tatu, kila moja na jina lake la nyumbani, yakapata moja.

Wanaoandika kwa vidole bila orodha wanaleta kosa jingine. Mmoja anaandika Phaseolus vulgaris, wa pili P. vulgaris, wa tatu haricot. Kompyuta haijui kwamba hao watatu ni mmoja, inahesabu mimea mitatu. Ukiitafuta mbegu kesho, utapata theluthi yake tu. Ndiyo sababu jina linachaguliwa kwenye orodha iliyokwisha kutengenezwa, haliandikwi upya kila mara.

Halafu kuna upande wa pili, ambapo jina moja linafunika mimea mingi. Ile mboga chungu ambayo Watanzania wanaita mnavu, vitabu vingi viliiandika miaka na miaka kuwa Solanum nigrum. Hilo ni jina la mmea wa Ulaya. Mboga tunazokula Afrika Mashariki mara nyingi ni Solanum scabrum, yenye majani mapana, au Solanum villosum, yenye matunda ya rangi ya machungwa. Lengalenga nayo ni hivyo: kuna Amaranthus cruentus, kuna Amaranthus dubius, na nyingine tena. Mama anayeuza lengalenga soko la Mulongwe anazitofautisha kwa jani na kwa ladha kabla wewe hujafungua kitabu. Asipoulizwa, orodha itakuwa na kosa tangu mstari wa kwanza, na kila mfuko utakaoingia chini yake utabeba kosa lile lile.

Kuna watakaosema majina ya Kifuliru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge na Kirundi yatachafua orodha ya wataalamu. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni nyanya. Zamani wataalamu waliiita Lycopersicon esculentum, leo ni Solanum lycopersicum. Jina la zamani halikufutwa. Limebaki kwenye orodha, linaelekeza kwenye jina jipya, ili anayesoma karatasi ya miaka ya nyuma asipotee. Kama mashine ina nafasi ya kutunza jina lililoachwa na wazungu wenyewe, haiwezi kukosa nafasi ya jina analotumia mama wa Lemera kila msimu. Na nafasi hiyo ipo: GRIN-Global ina sehemu ya majina ya kawaida, na kila jina linaandikwa pamoja na lugha yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuijaza.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanaliogopa. Kwetu jina la mbegu linaweza kuwa kesi. Mtu akisikia mbegu imeandikwa kwa lugha ya jirani, atauliza: kwa hiyo mbegu ni yao? Na shamba ilikotoka je? Tumeona damu ikimwagika kwa maneno madogo kuliko hayo. Ndiyo maana nasema majina yote yaingie, ya kila lugha, bila moja kuitwa la kweli na mengine kuitwa ya pembeni. Na shamba la mtu lisitangazwe. Kijiji kinatosha. Jina la mwenye mbegu na mahali kamili pa shamba lake vibaki kwa watunzaji, visiwekwe wazi mahali ambapo yeyote mwenye simu atasoma.

Najua swali litakalofuata. Watu wana njaa, wengine wamelala chini ya shiting, na wewe unaongea orodha? Ndiyo, kwa sababu njaa ikipungua watu watarudi kulima, na watalima kile kilichobaki. Rwanda, 1994, baada ya mauaji ya kimbari, vituo vya utafiti vilianza kazi iliyoitwa Seeds of Hope ili kurudisha mbegu kwa wakulima. Waliweza kujua ni maharagi gani ya kuzidisha kwa sababu kabla ya vita aina hizo zilikuwa zimekusanywa na kuandikwa. Wakakuta pia kwamba wakulima wengi walikuwa wameokoa maharagi yao wenyewe.

Mfano wa pili ni wa Siria. Karibu na mji wa Aleppo kulikuwa na banki kubwa ya mbegu ya kituo cha ICARDA. Kabla vita havijawashinda walikuwa wamepeleka nakala za mbegu nyingi Svalbard, kule Norwei, kwenye ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa barafu na kufunguliwa 2008. Mwaka 2015 waliomba sehemu ya masanduku yao yarudi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kutoa mbegu katika ghala lile. Walizipanda Lebanoni na Moroko, wakazizidisha. Sasa fikiri masanduku yale yangefika bila orodha. Wangekuwa na punje elfu na elfu wasizojua ni za nani, zinapandwa wapi, mwezi gani.

Sisi hatuna mlima wa barafu, na umeme wetu mnaujua. Lakini orodha haihitaji friji. Inahitaji nakala zilizokaa mbali mbali. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ulipita na nyumba na kila kilichokuwa ndani. Orodha iliyo kwenye kompyuta moja ya ofisi moja ya Uvira ingekwenda ziwani siku ile. Basi nakala moja ikae Uvira, nyingine Baraka, nyingine nje ya nchi kabisa.

Na isisahaulike safu ya namna ya kutunza. Maharagi, mahindi na mpunga vinakauka na kukaa miaka. Embe na parachichi ukizikausha kokwa zake zinakufa. Muhogo unaotunza aina yake ni kijiti, si mbegu, na kijiti kinabeba magonjwa, mozaiki kwanza. Atakayeandika muhogo kwenye orodha kana kwamba ni mfuko wa maharagi atawadanganya watakaokuja nyuma yake.

Nageukia ninyi mliohama. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya watu wetu wa Kivu ya Kusini, na wamo waliozaliwa kule ambao leo wana watoto wao. Mbegu zimo mikononi mwa mama zao na nyanya zao, au majina yake tu yamo vichwani. Wengine mmevuka Ruzizi 2025 na fundo kama lile la Kavimvira. Msipike zote. Bakisheni konzi moja ya kila namna, ikauke vizuri, iwe ndani ya chupa iliyofungwa, na karatasi: jina kwa lugha yako, kijiji, mwezi wa kupanda, na kile mbegu inachovumilia. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule.

Na mashirika yanayokuja na kompyuta, rudini kwa zile nyumba mlizopita. Nilimpigia simu yule kijana agronomi, akasema yuko tayari kurudi Kavimvira, ila fomu yake inakubali mstari mmoja tu kwa kila familia, na anayeweza kuibadilisha yuko mbali. Mama naye ameshapanda yale meupe nyuma ya nyumba anayopanga. Yale ya madoa bado yamo kwenye kitenge.